Tulivyowapikia Watu wa Ng'ombe Chini ya Boma

Nimewaona jana mkiizunguka ile sufuria kubwa kama watu wanaozunguka fahali mkali, kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Msione haya. Mimi nimepikia watu tangu enzi ya Mwingereza mpaka mgongo ulipokataa, na kila nilipowasha moto chini ya sufuria ya shughuli, nilikuwaga naogopa. Ujasiri hausaidii kitu pale. Kinachosaidia ni kujipanga kabla moto haujawaka: maji yako wapi, kuni ziko upande gani, nani anashika mwiko na nani anampokea akichoka. Nyinyi mna gesi. Mnazungusha kidude, moto unapanda. Mnazungusha tena, unashuka. Sisi tulikuwaga tunashusha moto kwa kuvuta kuni nje kwa mikono yetu hii, na ndiyo maana mnaona vidole vyangu viko hivi.

Mmeniuliza nilisomea wapi upishi. Sikusomea popote. Nilifundishwa uwanjani, chini ya boma la serikali la Musoma, na mwalimu wangu alikuwa Mwislamu mwenye ulimi mkali. Wakati huo mimi nilikuwa mpishi wa misheni ninayejua uji, ugali na maharage, basi. Na tuliowapikia walikuwa watu ambao wakubwa wa boma walitaka njaa iwarudishe kwao.

Kwetu ni Kiriba, kwa wavuvi. Mume wangu alifia ziwani mapema, nikaja mjini, Mchungaji Yeremia akanipatia kazi ya kupikia wasichana wa bweni. Siku ya kwanza nilimwaga unga wote wa uji kwenye maji yanayotokota kwa mkupuo mmoja. Ukawa madonge. Wasichana wakayaita mawe ya Musoma, na jina hilo likanifuata mpaka walipomaliza shule. Unga wa uji unakorogwa kwanza na maji ya baridi pembeni. Najua mnajua. Na mimi nilijua, ila siku hiyo mikono ilisahau.

Sasa, kuhusu wale watu.

Serikali ilikuwa imetoa amri ya kupunguza ng'ombe. Walisema mifugo ni mingi, majani yanakwisha, kwa hiyo kila mji upeleke sehemu ya ng'ombe wake mnadani, utake usitake. Kwa mtu wa Mugeta au wa Butiama, hiyo ilikuwa sawa na kumwambia apunguze watoto. Ng'ombe ndiyo mahari, ndiyo maziwa ya mgonjwa, ndiyo kitu unachompa jirani ukimkosea. Wazee kadhaa walikataa kabisa kuwatoa zizini. Wakakamatwa, wakaletwa Musoma, wakafungwa.

Basi watu wao wakaja. Walitoka Mugeta, wakapitia Bunda, wakaungana na wa Butiama, wengine wa kitongoji chake cha Mwitongo, wakaja kwa miguu, wanaume kwa wanawake, wakakaa kwenye uwanja ule chini ya boma. Hawakupiga kelele. Hawakuwa na fimbo. Walikaa tu chini, kwenye jua. Msemaji wao alikuwa Mzee Wambura wa Mugeta, mrefu, mkavu, ana blanketi moja alilokuwa analivaa mchana na kulilalia usiku. Mkubwa wa boma akamtuma mkalimani awaulize wanataka nini. Wambura akajibu, "Tunataka wazee wetu. Wakitoka, tutaondoka nao. Wasipotoka, sisi tupo."

Mkubwa wa boma hakutaka kuwapiga mbele ya mji mzima. Alitumia njia nyingine. Ikatangazwa kwamba mwenye hoteli au duka atakayewauzia chakula wale watu atanyang'anywa leseni. Siku hiyo hiyo milango ya hoteli ikafungwa. Msiwalaumu wenye hoteli, walikuwa na watoto. Zile mbaazi na viazi ambavyo watu walikuja navyo kwenye vikapu vikaisha, na mimi nikipita kwenda sokoni nilikuwa nawaona akina mama wanawapa watoto maji ya ziwa wayanywe polepole, ili tumbo lidanganyike.

Wa kwanza kusogea walikuwa watu wa msikiti. Ijumaa, baada ya swala, Shehe Ramadhani alitoka na watu wake, mafundi cherehani, wachinjaji, wenye maduka, wakashuka moja kwa moja hadi uwanjani na sufuria. Askari akawazuia, akawakumbusha amri. Shehe alikuwa mtu mpole, sauti yake ilibidi umsogelee ndipo uisikie. Alimwambia, "Mwanangu, amri inasema wasiuziwe. Hapa hakuna anayeuza. Hii ni sadaka." Askari akaenda kuuliza. Mpaka anarudi, watu walikuwa wanalamba vidole.

Lakini watu waliendelea kuja. Habari ilikuwa imefika Bunda kwamba wako wanaolishwa, na waliobaki nyumbani kwa kuogopa njaa nao wakafunga safari. Sufuria za msikiti zikazidiwa. Ndipo jioni moja jua halijazama tukamwona Shehe anaingia kwenye kiwanja cha misheni. Sikuwahi kumwona pale kabla ya siku ile. Nilikuwa nachambua maharage barazani, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Hodi hapa."

"Karibu, Shehe," Mchungaji Yeremia akasema. "Karibu ndani, upate kiti."

"Nashukuru, Mchungaji, lakini nikikaa nitachelewa. Nimekuja na shida. Leo wazee wamekula, akina mama wamekula, vijana wamekunywa maji. Nyinyi mna sufuria na mna wapishi."

Palikuwa na mzee wa kanisa mmoja, Mzee Nashoni, mtu mwema lakini mwoga wa serikali. Akasema, "Shehe, usituelewe vibaya. Wale si watu wetu. Wengi hawajabatizwa, bado wanatambikia mababu."

"Hata kwangu hawaswali, ndugu yangu," Shehe akajibu. "Sina hata mmoja pale."

Mchungaji Yeremia akakuna kidevu. Halafu akasema, "Kama si wa msikiti na si wa kanisa, basi ni wa nani? Wana njaa, wako mlangoni kwetu. Mzee Nashoni, mimi nikishindwa kuwalisha, Jumapili nitasimama kuhubiri nini?"

Mzungu wa misheni, tulikuwaga tunamwita Bwana Misheni, akaitwa. Alisikiliza, akawa mwekundu. "Mchungaji, kanisa haliingii katika siasa."

"Siombi siasa, Bwana. Naomba sufuria."

Yule mzungu aligeuka, akatupa mgongo. Mimi nilidhani mambo yamekwisha. Akaingia ndani, akatoka na funguo za stoo, akazileta mpaka kwangu, akaniwekea mkononi. "Perusi," akasema, "mimi sijaona kitu." Akaenda zake kumwagilia maua. Watu wanapenda kusimulia wazungu wa zamani kama wote walikuwa wamoja. Mimi yule nampa heshima yake, maana alijua wenzake wa boma wangemwambia nini.

Ndivyo nilivyopelekwa kwa Fundi Sefu.

Fundi Sefu ndiye alikuwa mpishi wa shughuli zote za Waislamu hapa mjini, harusi, maulidi, arobaini. Mfupi, mpana, kikoi kiunoni na kitambaa kichwani. Baba yake alikuja na misafara kutoka Manyema, mama yake Mjita wa hapa hapa, kwa hiyo alikuwa anaomba dua kwa Kiarabu na kutukana kwa Kijita. Nilifika na akina mama wa kanisa na mkokoteni wa sufuria. Hakutuamkia. Alichungulia ndani ya sufuria ya kwanza kama daktari.

"Hizi zimepikiwa nini?"

"Uji, ugali, maharage."

"Na nguruwe?"

"Nguruwe anakaangwa nyumbani kwa Mama Misheni, mke wa mzungu, kwenye kikaango chake. Jikoni kwetu hajafika."

"Una hakika, binti?"

"Fundi, sisi nyama yenyewe tunaionaga Krismasi."

Hapo akacheka, na kumbe alikuwa na meno mazuri. Lakini hakuniachia. Sufuria zote zikapelekwa ziwani zikasuguliwe kwa mchanga na majivu. Wake wa watu wa msikiti walishuka kutusaidia, tukainama pamoja kwenye maji, na kabla sufuria ya mwisho haijang'aa tulishajua nani ana mkwe mkorofi na nani ana mume mlevi. Mimi nilikuwa nimeishi Musoma miaka na wale wanawake, tunapishana sokoni, na sikuwa najua hata jina la mmoja.

Sasa sikilizeni, hii ni kazi. Ugali wa watu wengi hausongwi kwa mikono. Nilishika mwiko nikaanza kusukuma kama ninavyofanya nyumbani, mabega yakawaka moto, na ugali haukugeuka. Fundi akanisogeza. "Unapigana nao. Weka mguu mmoja mbele, shusha kiuno, sukuma kwa mgongo. Mkono kazi yake ni kushikilia tu." Ulipotuvunjikia mwiko wetu mkubwa, wavuvi wakatuletea kasia jipya ambalo halijagusa ziwa, na niwaambie, mpaka leo sijapata mwiko mzuri kama lile kasia. Jambo jingine, jiko liwe na midomo miwili, kuni ziingie upande wa upepo na moshi utoke upande wa pili. Na unga wa muhogo utangulie kuchanganywa na wa mtama ukiwa mkavu, siyo mmoja baada ya mwingine ndani ya maji.

Na kuni mzijue. Mgunga unawaka vizuri, una joto la kudumu, moshi kidogo. Vijana wa kwaya yetu, kwa bidii zao, walikwenda wakatuletea mzigo mkubwa wa kuni wameukusanya haraka, na ndani yake kulikuwa na mnyaa. Mnyaa, wanangu, moshi wake ni kama pilipili. Tulipouwasha, uwanja mzima ulilia. Wazee wakalia, watoto wakalia, Fundi Sefu akalia na kutukana, na wale askari waliowekwa kutuangalia wakakimbilia ziwani kunawa macho. Mzee Wambura akauliza huku amejifunika blanketi, "Hiyo ndiyo dini yenu au mmetuchoka?"

Chakula kilitoka wapi? Kila mahali. Wafanyabiashara Waislamu wa Bunda walipakia magunia ya unga kwenye lori, wakapita nayo mchana kweupe, na dereva akisimamishwa anasema ni sadaka ya msikiti. Akina mama wa kanisa walileta muhogo kutoka mashambani kwao. Na kule Kiriba, wachungaji wadogo wa makanisa ya vijijini walitangaza ibadani kwamba kila mtumbwi ukirudi, fungu la kwanza ni la Musoma. Mjomba wangu mwenyewe alileta mitumbwi miwili imejaa samaki, sato na ningu. Nilijisikia fahari kama mtu aliyeleta meli.

Nikawapikia. Nikawapelekea. Hakuna aliyegusa.

Mzee Wambura aliliangalia lile sinia kwa huruma. "Mama," akaniambia, "sisi tumekuja kwa ajili ya ng'ombe. Wewe unatupa nyoka wa majini."

"Si nyoka, mzee. Ni samaki."

"Ana macho. Ananiangalia."

Nilirudi jikoni machozi yananilengalenga. Fundi Sefu hakucheka. Alichukua samaki waliobaki, akakata vichwa, akatoa miiba, akakaanga minofu kwa kitunguu na nyanya mpaka ikawa vipande vyekundu tu kwenye mchuzi. Akaenda mwenyewe. Wambura akaonja, akaonja tena, akauliza, "Hii ni nini?"

"Ni yule yule, mzee. Nimemwondoa uso."

Wambura akatafuna, akafikiri. Akageuka kwa watu wake akasema kwa lugha yao maneno marefu, na wote wakanyoosha mikono kwenye masinia. Baadaye nilimuuliza alisema nini. Alisema, "Tumekubali kulala chini, tukubali na hili." Nawaambia hivi kwa sababu mtapika kwa watu wa kila namna. Usimdanganye mtu chakula unachompa, lakini pia usimkasirikie akikiogopa. Mtafutie njia ya kukifikia.

Wakubwa wa boma waliona njaa haifanyi kazi. Asubuhi moja wakaja askari wengi kuliko kawaida, na mmoja wao, kijana mwenye hasira ya kutafutia cheo, akapiga teke sufuria ya maji ya ugali yaliyokuwa yanatokota. Mbele yake alikuwa amekaa mama wa Butiama na mtoto mgongoni, anachambua mboga. Fundi Sefu alimsukuma yule mama pembeni. Maji yakammwagikia yeye mguu wa kulia, kuanzia goti.

Sitaeleza ule mguu. Aliuma kitambaa chake cha kichwani na hakutoa sauti. Uwanja mzima ulisimama. Mara ya kwanza tangu waje, wale watu walisimama wote, na nikaona askari wanashika bunduki vizuri. Hapo ndipo mambo yangeharibika, wanangu. Risasi moja tu ingetosha. Shehe Ramadhani alipita katikati, mikono juu, anasema kwa ile sauti yake ndogo, "Kaeni. Kaeni, jamani. Wanataka msimame. Kaeni." Mchungaji Yeremia akatokea upande wa pili, akashika mkono wa Mzee Wambura, na wao wawili wakakaa chini kwenye matope ya yale maji, mchungaji na suti yake. Watu wakawaona, wakakaa.

Fundi tulimbeba kwa baiskeli mpaka zahanati ya misheni. Nesi akamsafisha, akamfunga. Alilala kitanda kilicho chini ya picha ya Yesu na kondoo, na Shehe alipokuja kumjulia hali alimtania kwamba amebadili dini. Mimi nilikaa pembeni yake nikasema, "Fundi, jiko limekwisha. Mimi siwezi."

"Nani amekuuliza kama unaweza?"

"Fundi, watu wote wale..."

"Umesugua sufuria, umesonga, umepigwa moshi, umekataliwa samaki. Bado nini? Washa moto, Perusi. Wakiona jiko limezima leo, boma wameshinda." Akafumba macho. Halafu akafumbua jicho moja. "Na chumvi usitie kwa kubahatisha. Onja."

Nikawasha moto. Wake wa watu wa msikiti walisimama kushoto kwangu, akina mama wa kanisa kulia, na sikulazimika kumwambia mtu cha kufanya zaidi ya mara moja. Hakuna siku nimependa kazi hii kama siku ile.

Siku zilizofuata tukapikiwa amri nyingine: jiko libomolewe na chakula chote kimwagwe. Safari hii alitumwa koplo, mtu mzima, mtaratibu, Mkristo wa kutoka kusini. Alitufikia ugali ukiwa umeiva, mchuzi umeiva, bado kupakua. Akapiga saluti kwa Mchungaji, akasema, "Mchungaji, samahani sana. Nimeamriwa kumwaga."

"Umeamriwa kuzuia sala?" Mchungaji akauliza.

"Hapana, Mchungaji. Sala hapana."

"Basi tuombee chakula kwanza, ndugu yangu. Halafu utafanya kazi yako."

Koplo akavua kofia. Askari wake wakavua kofia.

Mchungaji Yeremia alikuwa anajulikana kwa sala fupi. Wagonjwa walimpenda kwa hilo. Lakini siku ile alianzia kwenye uumbaji. Akamshukuru Mungu kwa nuru, akamshukuru kwa maji, akawataja samaki, akawataja ng'ombe, hapo alikaa sana, akaingia kwa Nuhu. Alipofika kwa Ibrahimu alifumbua jicho akaniangalia. Mimi nikaelewa. Nikawapa akina mama ishara, tukaanza kupakua taratibu, bila sahani kugongana. Alipowatoa Waisraeli Misri, safu ya kwanza ilikuwa inakula vichwa vimeinama. Sauti ilipoanza kumkauka akasema amina, na kabla koplo hajarudisha kofia kichwani, Shehe akainua mikono, akaanza dua.

Mzee Wambura alikuwa karibu na sufuria yangu. Akaninong'oneza, "Mama, hawa wanasema na nani muda wote huu?"

"Na Mungu, mzee."

"Ana subira sana."

Shehe alimaliza nami nakwangua ukoko. Koplo akasogea, akachungulia sufuria moja, akachungulia ya pili, akaenda mpaka ya mwisho. Nikaona mdomo wake unacheza, anajizuia. Akamwambia Mchungaji, "Nitaandika kwamba sikukuta chakula." Akavaa kofia, akawapanga watu wake, wakaondoka. Sikuwahi kujua alipewa adhabu gani, wala kama alipewa. Nilimwombea, na najua msikitini walimwombea, na nadhani hata wazee wa Mugeta walimtajia mababu zao.

Baada ya hapo boma waliita wazungumze. Waliingia Mzee Wambura, Shehe na Mchungaji, na pale mlangoni wakamkuta Bwana Misheni, amevaa koti, anawasubiri. Aliingia nao. Waliyozungumza kwa Kiingereza mimi siyajui. Ninachojua ni kwamba yule mzungu alitoka mwekundu kuliko alivyoingia, na kwamba wazee waliachiwa.

Msidhani kila kitu kilinyooka. Ng'ombe waliokuwa wameshauzwa mnadani hawakurudi. Mchungaji Yeremia alihamishwa kanisa la mbali mwaka huo huo, na hakuna aliyesema ni kwa sababu gani. Fundi Sefu alichechemea maisha yake yote. Lakini ile amri ya kupunguza ng'ombe hawakuitekeleza tena msimu ule, wala uliofuata, ikawa inatajwa tu kwenye mikutano mpaka ikasahaulika. Na Fundi alipopata nafuu alinichukua niwe mwenzake wa kazi. Shughuli yangu ya kwanza naye ilikuwa maulidi. Kuna waliouliza mwanamke wa misheni anafanya nini kwenye sufuria ya maulidi, na Fundi aliwajibu kwa Kijita, kwa hiyo sitawatafsiria.

Siku wazee walipotoka, tuliwapikia mara ya mwisho pale uwanjani. Mkubwa wao alikuwa Mzee Marwa, kaka yake Wambura, amezeeka kuliko nilivyodhani, anatembea ameshikwa mabega. Alikula kidogo. Kisha akauliza kupitia kwa mdogo wake, ni nani hao waliowalisha watu wake? Wakamwonyesha. Tukasimama mstari, mimi na mikono yenye unga, Fundi kwenye gongo lake, Shehe, Mchungaji.

Akaomba maji kwenye kibuyu. Sisi wa huku tulijua anachotaka kufanya. Ile ni baraka ya wazee wa mila, anapiga funda la maji anakupulizia, anasema maneno ya mababu. Na Mchungaji Yeremia, kila Jumapili niliyowahi kumsikia, alikuwa akituonya tusipokee mambo hayo, kwamba mtu aliyebatizwa ameshatoka huko. Shehe naye kwake alifundisha vivyo hivyo. Nikaona Mzee Nashoni ameshika kichwa.

Mzee Marwa alianza na sufuria, akazipulizia. Akaja kwangu. Akaupulizia mguu wa Fundi kwa muda mrefu. Shehe akafumba macho, akapokea. Alipofika kwa Mchungaji akasita, maana aliona ile kola nyeupe na nadhani alijua maana yake. Mchungaji akavua kofia, akainama mpaka kichwa chake kikawa chini ya mdomo wa yule mzee. Maji yakamtiririka usoni, yakaingia kwenye kola.

Tukirudi misheni tunasukuma mkokoteni wa sufuria, nilimwangalia kwa jicho la pembeni. Hakuwa amejipangusa.

"Mchungaji," nikasema, "na yale maji?"

"Nimekaa juani siku zote hizi, Perusi," akasema. "Yalikuwa maji mazuri."